Kutoka sekstanti hadi setilaiti: Nani anayeshika kipimo Kilombero?

Na Mwandishi Wetu

KIGINGI cha zege kilichochimbiwa kando ya jaruba la mpunga katika Bonde la Kilombero ni kitu kidogo, kisichofika hata goti la mtu mzima, lakini kina nguvu kuliko kauli ya mzee aliyezaliwa na kuzeekea hapo. Kina namba juu yake. Namba hiyo, ukiifuata hadi katika daftari la mpima ardhi, inakupeleka kwenye tarakimu mbili ndefu zinazoeleza mahali hapo ni wapi juu ya uso wa dunia. Upande mmoja wa kigingi ni ardhi ya kijiji. Upande wa pili ni hifadhi, na mtu akikutwa huko na jembe anajibu mashitaka.

Kwa miaka mingi mjadala kuhusu ardhi ya bonde hili, kuanzia Ifakara na Mang'ula hadi Mlimba, na ng'ambo ya mto hadi Malinyi na Mahenge, umekuwa mjadala wa wakulima na wafugaji, wa ng'ombe na sheshe, wa Serikali na vijiji. Ni mjadala wa haki na hauna budi kuendelea. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo limeachwa nyuma kana kwamba ni la mafundi peke yao: tarakimu zile zinapatikanaje, nani anazisoma, na mwanakijiji asiyeridhika anaweza kuzihakiki kwa njia gani?

Ili kulielewa swali hilo ni lazima kurudi nyuma kidogo, hadi katika zama ambazo mtu aliyetaka kujua yuko wapi duniani aliinua macho na kutazama juu.

Manahodha wa Bahari ya Hindi walifanya hivyo karne nyingi kabla Mreno hajafika Malindi. Chombo chao kiliitwa kamali: kibao kidogo cha mstatili chenye kamba iliyofungwa mafundo, ikipita katikati yake. Nahodha aliuma fundo moja kwa meno, akaunyoosha uzi, kisha akakisogeza kibao mpaka ukingo wake wa chini uguse upeo wa bahari na ule wa juu uiguse nyota aliyoikusudia. Kipimo chao kilikuwa kidole, nacho kilikuwa sawa na nyuzi moja na nusu na zaidi kidogo, yaani karibu kilomita 180 kaskazini au kusini. Kwa macho ya leo ni kipimo cha jumla mno, lakini kilitosha kumfikisha mtu bandarini.

Nyota ya Kaskazini, iliyokuwa tegemeo kuu, huzama mara chombo kinapovuka Ikweta. Ndiyo maana waliokuwa wakishuka hadi Zanzibar, Kilwa na Sofala walilazimika kujua nyota nyingine nyingi, na Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu hiyo katika karne ya 15, alitunga utenzi wa Kiarabu kuhusu njia ya Sofala. Vasco da Gama alipoondoka Malindi Aprili 1498 alikuwa na rubani mwenyeji wa bahari hii. Mwanahistoria wa Kireno João de Barros aliandika kwamba rubani huyo alipooneshwa chombo cha Wareno cha kupimia jua hakushangaa hata kidogo, kwa kuwa naye alikuwa na chake.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba kamali ilikuwa mali ya yeyote aliyejifunza. Mbao na uzi vilipatikana popote. Manahodha wawili waliobishana kuhusu mahali walipo waliweza kupima kila mmoja kwa kibao chake, usiku uleule, na kulinganisha.

Sekstanti ilikuja baadaye. Mwaka 1731 Mwingereza John Hadley aliwasilisha chombo chenye vioo viwili na tao la moja ya nane ya duara, wakati ambapo Thomas Godfrey wa Philadelphia, bila ya kuwa na habari za mwenzake, alikuwa ameunda kitu cha aina hiyohiyo. Mwaka 1757 Kapteni John Campbell wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza alitaka tao lirefushwe hadi moja ya sita ya duara ili liweze kupima pembe kubwa zaidi, na kutokana na hiyo sita ndipo likatoka jina la Kilatini tunalolitumia mpaka leo. Fundi John Bird ndiye aliyemtengenezea.

Ubora wa chombo hicho haukuwa katika shaba yake bali katika ujanja wa vioo. Kioo kimoja hufungwa kwenye mkono unaosogea juu ya tao, na kingine, ambacho nusu yake ni wazi, hukaa mbele ya darubini. Mtazamaji huona upeo wa bahari kupitia nusu iliyo wazi na papo hapo huona sura ya jua ikiwa imeshushwa na vioo hadi ukaribu na maji. Chombo kikiyumba, jua na upeo huyumba pamoja, kwa hiyo kipimo hakiharibiki. Mabaharia waliokuwa wakihangaika na vyombo vya kuning'inia katikati ya mawimbi walipata nafuu kubwa.

Dakika moja ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi, ni maili moja ya baharini, sawa na mita 1,852. Mtu mzoefu mwenye sekstanti nzuri alijua alipo kwa kosa la maili moja au mbili. Latitudo ilipatikana kwa urahisi. Longitudo ilikuwa taabu, kwa sababu inategemea saa: dunia hugeuka nyuzi moja kila baada ya dakika nne za muda, hivyo saa ikikosea kwa sekunde nne tu, katika latitudo ya Ifakara umeshapotea karibu kilomita mbili mashariki au magharibi.

Swali ambalo wasomaji wengi hawajapata kujiuliza ni hili: chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya upeo wa bahari kilifanyaje kazi katikati ya bara, ambako upeo umezibwa na milima ya Udzungwa upande mmoja na ya Mahenge upande wa pili?

Jibu lilikuwa zebaki. Msafiri alibeba chupa ya zebaki na sinia dogo. Jioni alimimina zebaki ndani ya sinia, akaifunika kwa kioo ili upepo usiitikise, kisha akapima pembe kati ya nyota iliyo mbinguni na sura yake ndani ya zebaki. Pembe hiyo ni maradufu ya urefu wa nyota, kwa hiyo aliigawa kwa mbili. Njia hii ilikuwa na kasoro inayotuhusu moja kwa moja sisi wa nchi za joto. Tao la sekstanti nyingi huishia karibu nyuzi 120, yaani kwa zebaki chombo kinaweza kupima jua lisilozidi nyuzi 60 juu ya upeo. Ifakara iko karibu nyuzi 8 na dakika 8 kusini mwa Ikweta. Jua la saa sita mchana huko hushuka chini ya nyuzi 60 kwa majuma kama sita tu kwa mwaka, tangu mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai. Siku nyingine zote liko juu mno, na katikati ya Oktoba linakaribia kuwa utosini. Aliyetaka kupima ilimbidi asubiri usiku na nyota, akiomba mawingu ya masika yapishe, huku mbu wa Kilombero wakimtazama kwa upande wao.

Katika mazingira kama hayo ndipo bonde hili lilipoingia katika ramani za Ulaya. Mwaka 1879 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilituma msafara kutoka Dar es Salaam chini ya mchora ramani Keith Johnston. Johnston alifariki Juni 28 mwaka huohuo huko Behobeho, mahali ambapo leo ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Msaidizi wake Joseph Thomson, Mskoti mwenye umri wa miaka 21 aliyesomea miamba, alichukua uongozi, akapita nchi ya Mahenge na kuvuka mto Ulanga, ambao ndio huu tunaouita Kilombero, kuelekea Uhehe na maziwa makuu.

Aliyeuongoza msafara huo kwa vitendo, aliyejua kupanga wapagazi, kujadiliana na watawala wa njiani na kutafuta vivuko, alikuwa Mwafrika aitwaye James Chuma. Chuma alikuwa na sifa tayari. Yeye na Abdullah Susi ndio waliouchukua mwili wa David Livingstone, aliyefariki Mei 1, 1873, kutoka kijiji cha Chitambo katika Zambia ya leo hadi Bagamoyo mapema mwaka 1874. Pamoja na mwili walibeba pia vyombo vyake vya kupimia. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, Luteni Verney Lovett Cameron alivichukua vyombo hivyo ili avitumie katika safari yake mwenyewe.

Tukio hilo dogo linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa katika vitabu. Wabebaji walikuwa wamevilinda vyombo hivyo kwa miezi mingi na kwa mamia ya kilomita. Kwa macho ya waliokuwa wakipima, hata hivyo, aliyevibeba hakuwa mwenye kuvitumia. Chuma aliijua nchi kwa miguu yake. Tarakimu ziliandikwa na mwingine, na ramani ikachapwa London. Na tarakimu zenyewe hazikuwa takatifu. Livingstone mwenyewe alipotoshwa kuhusu longitudo baada ya saa zake kupata mshtuko safarini, na mahali alipoliweka Ziwa Bangweulu pakawa na kasoro.

Wajerumani waliofuata walichora Afrika Mashariki yao katika karatasi za kipimo cha moja kwa 300,000, kazi iliyofanyika Berlin kutokana na madaftari ya maofisa waliotembea na dira na saa, huku sehemu chache zikiwa zimethibitishwa kwa nyota. Katika ramani ya kipimo hicho milimita moja ni mita 300. Mstari wa kalamu ya risasi peke yake unaweza kulimeza shamba lote la familia. Hakuna aliyejali wakati huo, kwa kuwa lengo la ramani hizo lilikuwa kupeleka askari na kukusanya kodi.

Waingereza nao walipolitangaza Kilombero kuwa Pori Tengefu mwaka 1952 hawakuwa wakigawa mashamba. Mipaka ya maeneo ya aina hiyo katika matangazo ya zamani ilielezwa zaidi kwa maneno: kutoka kilima fulani, kufuata mto fulani hadi unapokutana na njia fulani. Wananchi waliendelea kuishi, kulima na kuchunga humo, kwa sababu sheria za wakati huo, hata ile ya wanyamapori ya mwaka 1974, zilidhibiti uwindaji na hazikumkataza mtu kushika jembe. Mpaka uliokuwa na utata wa nusu kilomita haukumfukuza mtu nyumbani kwake. Isitoshe, mto wenyewe katika bonde la mafuriko kama hili haulali kitanda kimoja; mkono wa mto unaoujua leo unaweza kuwa dimbwi baada ya miaka 20.

Hali ilibadilika kwa hatua. Mwaka 2002 bonde likaorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Mwaka 2009 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Kuhifadhi Wanyamapori, ambayo imepiga marufuku kilimo na malisho ndani ya mapori tengefu. Sheria hiyohiyo, kwa haki yake, katika kifungu cha 16 imemtaka Waziri kuyapitia upya mapori hayo na kuhakikisha kuwa ardhi ya vijiji haimo ndani yake. Kwa maneno mengine, ghafla ikawa lazima kujua kwa mita mpaka uko wapi, katika mahali ambapo kwa nusu karne ulikuwa umejulikana kwa maneno.

Mwishoni mwa mwaka 2012 ikafanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Mwaka 2016 ikaanza Programu ya Kuwezesha Umilikishaji wa Ardhi, iliyogharimiwa kwa msaada wa Uingereza, Sweden na Denmark, ikapima vijiji na mashamba na kutoa hatimiliki za kimila katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Mwaka 2019, kufuatia agizo la Rais John Magufuli na kazi ya kamati ya mawaziri wanane, Serikali ilitangaza kwamba vijiji 920 kati ya 975 vilivyokuwa na migogoro na hifadhi nchini kote vingebaki. Mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero likapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, daraja ambalo haliruhusu makazi wala kilimo.

Hakuna mwenye akili timamu anayeweza kusema bonde hili lisilindwe. Mto Kilombero unachangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na maji hayo ndiyo yanayoingia katika Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115. Umeme wa Dar es Salaam na majaruba ya Mngeta vinakunywa kisima kimoja. Lakini kadiri ulinzi unavyokuwa mkali ndivyo kila mita ya mpaka inavyozidi kuwa na thamani, na ndivyo kipimo kinavyopaswa kuwa wazi.

Kipimo cha leo si sekstanti tena. Ni GPS, mfumo wa setilaiti za Marekani zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1978 na mfumo ukakamilika mwaka 1995. Kwa asili ni wazo lilelile la nahodha, isipokuwa nyota zimetengenezwa na binadamu na zinasema saa. Kifaa mkononi hupokea ishara za setilaiti zisizopungua nne, hupima kila ishara imechukua muda gani kufika, na kutokana na hapo hukokotoa kilipo. Saa ndiyo roho ya kazi, kama ilivyokuwa kwa Livingstone: kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300.

Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiipotosha kwa makusudi ishara ya raia, na kifaa cha kawaida kiliweza kukosea hata mita 100. Siku upotoshaji huo ulipozimwa kosa likashuka hadi mita 10 au 20, na leo simu ya mkononi katika uwanja ulio wazi hukosea mita chache tu. Watafiti wa afya wa Ifakara walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kunufaika na teknolojia hii hapa nchini. Kaya za vijiji vya bondeni ziliwekwa kwenye ramani ili kujua malaria inawapata watoto gani na hospitali iko umbali gani. Kwa kazi kama hiyo kosa la mita 20 halimdhuru mtu.

Kwa mpaka ni jambo jingine, na hapa ndipo penye kiini cha makala haya.

Tarakimu za mahali hazijitegemei. Kila jozi ya tarakimu imehesabiwa kutoka katika msingi fulani, yaani umbo fulani la dunia lililokubaliwa na wapima ardhi, ambao huuita datamu. Ramani za kipimo cha moja kwa 50,000 ambazo nchi yetu imezitumia kwa miongo mingi zilichorwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, uliotokana na upimaji wa kikoloni uliofuata longitudo ya nyuzi 30 kutoka kusini mwa Afrika kwenda kaskazini. Kifaa cha GPS, kisipoelekezwa vingine, kinatumia msingi wa dunia nzima unaoitwa WGS84. Tanzania yenyewe ina msingi mpya wa kitaifa, TAREF11, unaooana na huo wa setilaiti.

Chukua tarakimu za mahali pamoja katika ramani ya zamani, ziingize katika kifaa cha GPS bila kubadilisha msingi, kisha ufuate mshale. Hutafika mahali hapo. Katika gridi ya ramani zetu utasimama takriban mita 300 mbali, na sehemu kubwa ya pengo hilo ni upande wa kaskazini. Kifaa hakijaharibika, mpima hajalewa, na kila mmoja anaweza kuapa kwamba tarakimu ni zilezile. Wapima ardhi waliosoma wanalijua jambo hili tangu mwaka wa kwanza chuoni na wana njia ya kulirekebisha. Wasiolijua ni wengi: askari wa wanyamapori aliyepewa kifaa na orodha ya namba, mtendaji wa kijiji, mwandishi wa habari, hakimu.

Mita 300 ni nini Kilombero? Kwa kila kilomita moja ya mpaka, ukanda wa upana huo ni hekta 30, sawa na ekari 74. Ni majaruba ya familia nyingi. Na kwa kuwa kosa la aina hiyo husukuma mpaka kaskazini, haligawi hasara sawa. Vijiji vya upande wa Udzungwa, ambavyo vina hifadhi kusini mwao, vingepoteza ardhi. Vijiji vya upande wa Malinyi, ambavyo hifadhi iko kaskazini mwao, vingeongezewa. Mtu asiyejua habari za datamu angeiona hali hiyo na kuhitimisha kwamba kuna upendeleo au rushwa, na maneno ya namna hiyo yakishaingia kilabuni hayatoki.

Haidaiwi hapa kwamba vigingi vya Kilombero vimewekwa kwa kosa hilo. Linalodaiwa ni kwamba mwanakijiji hana njia ya kujua kama vimewekwa kwa kosa hilo au la, kwa sababu anachooneshwa ni kigingi na namba iliyoandikwa juu yake. Orodha ya tarakimu na jina la msingi uliotumika hubaki katika mafaili ya wilaya na wizara. Akikiong'oa kigingi amevunja sheria. Akikilalamikia anaambiwa mitambo haidanganyi.

Mabaharia hawakubali jibu la namna hiyo, na tuna la kujifunza kwao. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia unaendelea kumtaka ofisa wa meli ajue kupata mahali alipo kwa kutumia jua na nyota, hata baada ya mkataba huo kupitiwa upya mjini Manila mwaka 2010. Chuo cha Wanamaji cha Marekani, Annapolis, kiliyaacha masomo hayo mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuamini kwamba setilaiti zimemaliza kazi, kikayarudisha mwaka 2015. Sababu zinaonekana. Mei 2024 dhoruba ya jua iliwafanya wakulima wa Marekani wasimamishe matrekta yanayoongozwa na setilaiti katikati ya msimu wa kupanda. Juni 17, 2025 meli mbili za mafuta, Front Eagle na Adalynn, ziligongana karibu na Mlango wa Hormuz, katika siku ambazo ishara za GPS eneo hilo zilikuwa zikivurugwa vibaya; mamlaka za Falme za Kiarabu zilitaja kosa la uongozaji wa meli.

Nahodha anaweka sekstanti katika sanduku lake, pamoja na skrini zote alizonazo, ili awe na shahidi wa pili asiyetegemea wa kwanza. Kipimo kisichoweza kurudiwa na mtu mwingine, kwa chombo kingine, baharini hakiitwi kipimo.

Shahidi wa pili wa Kilombero hahitaji zebaki wala nyota. Karibu kila kijiji kina vijana wenye simu inayosoma mahali ilipo kwa kosa la mita chache. Kinachokosekana ni karatasi. Kila kijiji kinachopakana na Pori la Akiba kingeweza kupewa orodha ya vigingi vyake, tarakimu za kila kimoja, jina la msingi uliotumika, tarehe ya kupimwa na jina la ofisi iliyopima, na orodha hiyo ikabandikwa ukutani katika ofisi ya kijiji, jirani na mapato na matumizi ambayo nayo hubandikwa hapo. Pale ambapo mpaka umetokana na tangazo la zamani la maneno, maneno yenyewe yawekwe pembeni ya tarakimu, ili wazee waseme kama mto unaotajwa ni ule wa leo au ule uliohama. Wataalamu wa upimaji wa halmashauri za Ifakara, Mlimba, Ulanga na Malinyi wanaweza kuifanya kazi hiyo bila bajeti ya wafadhili.

Zipo hoja za kupinga. Inasemwa kwamba kuwapa watu tarakimu ni kuwapa silaha za kesi, na kwamba kila mwenye simu atajifanya mpima. Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini kesi yenye tarakimu ni fupi kuliko ugomvi usio nazo, na ni nafuu kuliko operesheni. Hoja ya pili ina uzito zaidi, kwa kuwa simu yenye kosa la mita tano haiwezi kumaliza ubishi wa mita mbili kati ya majirani. Lakini inaweza kabisa kubaini kosa la mita 300, na hilo ndilo linalomhamisha mtu.

Msimu wa mvua unapoanza, wakulima wa Ifakara huhamia mashambani na kukaa katika vibanda vya dungu mpaka mavuno, wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Wengi wa walio kando ya hifadhi huingia huko bila kujua, kwa ushahidi wanaoweza kuushika mkononi, kama kibanda kiko upande upi wa mstari. Orodha ya vigingi ikibandikwa kabla ya Novemba, wataweza kuangalia wenyewe.